Mfano wa Kumi na Nne

Mume wangu hajui kutunga. Nalisema hili mapema kwa sababu yote yaliyotokea yametokana nalo. Wanaume wengine wakichelewa kurudi nyumbani huja na hadithi yenye kichwa na mkia: gari limeharibika, rafiki ameugua, simu imezima. Wangu akichelewa husimama mlangoni na kusema alikuwa anafikiri. Na ni kweli, alikuwa anafikiri.

Ni mwanafalsafa. Anafundisha chuo kikuu, na kwa miaka sita amekuwa akitafiti jambo moja tu: namna wanasayansi na madaktari wanavyowaomba watu ridhaa kabla ya kuwapima, kuwachoma sindano au kuwaingiza kwenye utafiti. Wanatumia maneno gani, na mtu akisema ndiyo, amekubali nini hasa. Amekaa kwenye mabenchi ya hospitali akisikiliza, kalamu mkononi, hadi wauguzi wakadhani ni mgonjwa sugu. Wanafunzi wake wamempa jina la Tuseme, maana dakika tano haziishi hajasema "tuseme mtu fulani" au "tuseme daktari fulani". Nasi nyumbani tukalichukua jina hilohilo. Marehemu mama yangu alikuwa akimwita Mkwe Tuseme, naye akiitika bila kinyongo.

Mimi ni msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji. Chumba changu kiko nyuma ya mashine, kina meza iliyoinama kidogo, taa yenye shingo ndefu, rula ya chuma na kalamu nyekundu. Kurasa zikija naweka rula chini ya mstari, nasoma, nashusha rula. Ukisoma hivyo kwa miaka kumi na tisa unaharibika. Sisomi tena kama watu. Naona tu kilichokosewa. Binti yetu, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni katika mji mwingine, husema kumtumia mama yake ujumbe wa simu ni sawa na kufanya mtihani.

Kwa hiyo mtu kama mimi hakosi kuona chumvi inapohama.

Ilianza miaka mitatu iliyopita, baada ya kumzika mama. Kopo la chumvi lililokuwa linakaa kando ya jiko likahamia kabati la juu, nyuma ya unga. Nikilishusha, kesho limepanda tena. Nilipouliza, Tuseme akasema presha yake inasumbua, daktari kamwambia apunguze chumvi, na haifai nyumba moja kupikwa vyungu viwili. Nikamhurumia, nikazoea kula chakula kisicho na mbele wala nyuma. Kisha siku moja tukaalikwa kwa jirani, nikamwona mgonjwa wangu wa presha akinyunyizia chumvi kwenye nyama kwa mkono usio na hofu hata kidogo. Alipogundua namtazama akaiweka chini haraka. Nikajitia hamnazo, lakini tangu siku hiyo nikaanza kumsoma kwa rula.

Alinunua kile kipimo cha presha cha kufunga mkononi. Kila Jumapili baada ya chai alijipima mara moja, mimi akanipima mara mbili. Alisema anahitaji mtu mzima wa afya wa kujilinganisha naye. Nikauliza, mgonjwa ni wewe, mbona mimi ndiye napimwa mara mbili? Akasema vipimo viwili ni bora kuliko kimoja. Matokeo aliyaandika kwenye kijitabu cheusi kilichokaa mfuko wa ndani wa koti lake, na nikisogeza shingo nione, mkono wake hulala juu ya ukurasa. Halafu yakaja maswali. Nimeamka mara ngapi kwenda chooni? Kiuno vipi? Miguu haijavimba? Akawa ananiletea maji ya kunywa bila kuombwa, bilauri baada ya bilauri, na kusimama hapo hadi nimalize.

Nilimsimulia mwenzangu kazini, yule mama anayepanga kurasa kwenye kompyuta. Akaniambia mume akianza kukujali ghafla, ujue kuna mtu mahali. Nikamjibu kwamba mume wangu hawezi kuwa na mwanamke mwingine, angemwandikia tanbihi. Tukacheka hadi tukafuta machozi. Lakini nilipobaki peke yangu na kurasa zangu sikucheka. Nilichoanza kuamini ni kibaya zaidi, kwamba Tuseme amenitia kwenye utafiti wake. Yeye anayezunguka hospitali zote akiuliza kama watu wamepewa haki ya kukubali, nyumbani ana panya wake wa maabara, anamnywesha maji na kumwandika kwenye kijitabu. Sikujua anatafuta nini kwangu. Nilijua tu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na cha mume wangu kilikuwa kimetimiza mwaka wa tatu.

Kisha kitabu chake kikaja kiwandani.

Msimamizi aliniwekea mezani bunda la kurasa mia mbili na kitu, akasema pole. Nilipoona jina la mwandishi nikashangaa, kwa sababu nyumbani nilikuwa nimeambiwa kitabu hakijakamilika. Msimamizi akajikuna shingo. Akasema mume wangu alipita ofisini wiki iliyotangulia na kuomba kazi hiyo apewe msahihishaji mwingine, ili tusichanganye ndoa na kazi. Akamwambia mwingine yuko likizo ya uzazi. Nilitabasamu, nikamshukuru, nikafunga mlango. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na wangu alikuwa amejaribu hata kunipita mlango wa ofisini.

Yafaa nieleze utaratibu wetu. Msahihishaji hagusi maana. Akikuta herufi imekosewa anairekebisha. Akikuta jambo lenye shaka anaandika hoja pembeni mwa ukurasa na kuipa namba, basi. Kurasa zinarudi kwa mwandishi, naye anajibu kila hoja kwa mkono wake palepale pembeni na kutia saini. Ukurasa wenye hoja isiyojibiwa hauendi kwenye mashine, hata mwandishi awe nani. Msimamizi amewahi kuzuia kitabu cha mkubwa mmoja mwezi mzima kwa sababu ya hoja moja ya tarehe.

Nikaanza kusoma. Kitabu chenyewe kilikuwa kizuri, lazima niseme haki. Kila sura ina mifano yake, na kila mfano unaanza na neno lile lile mnalolijua. Kwa kuwa mwenye kitabu hajui kutunga, niliisoma mifano hiyo kama mtu anayesikiliza umbea wa mtaani kwake. Maana Tuseme ana kanuni, na aliwahi kutueleza mezani kwa fahari: ukichukua kisa cha mtu wa kweli kwa ajili ya utafiti, ni wajibu wako kumficha. Geuza kila kinachogeuzika. Mwanamume awe mwanamke, kijana awe mzee, jioni iwe asubuhi, kama mtu anayegeuza shati nje ndani. Mfano wa tatu ulisema tuseme mwanamke anamuuzia jirani yake paka asiyekamata panya. Nikamtambua mara moja mzee wa nyumba ya tatu aliyetuuzia jogoo asiyewika. Mfano wa tisa ulikuwa wa shangazi aliyeng'olewa jino zima kwa kuona haya kumwambia daktari kwamba hakuelewa. Huyo alikuwa mjomba wangu, na halikuwa jino, kilikuwa kidole cha mguu. Nilicheka peke yangu, nikashusha rula.

Mfano wa kumi na nne uko ukurasa wa themanini na nane. Nauandika kama ulivyokuwa.

"Tuseme mzee mmoja seremala anaugua macho, na ugonjwa wenyewe ni wa kurithi. Asubuhi moja daktari anamweleza, mbele ya mke wa mwanawe, kwamba huenda mwana naye anao, nusu kwa nusu, na kwamba ukijulikana mapema unaweza kucheleweshwa. Mwana yuko mbali siku hiyo. Daktari anapoondoka, mzee, huku akipima ubao wa kitanda kwa shibiri, anamsihi mkwewe asimwambie mwanawe kamwe. Je, mkwe akinyamaza, amedanganya?"

Rula ilisimama kwenye neno shibiri na haikushuka.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani miaka arobaini. Wiki yake ya mwisho hospitalini, akili inakuja na kuondoka, alikuwa akishika pindo la shuka na kulipima kwa shibiri, kidole gumba hadi cha mwisho, kidole gumba hadi cha mwisho, akifika pembeni anaanza upya. Walioona jambo hilo ni watu wawili, mimi asubuhi kabla ya kazi na Tuseme mchana. Ulikuwa msimu wa vitabu vya shule, kiwanda hakilali, ndipo mume wangu akachukua zamu ya mchana kukaa na mkwewe. Mama alikufa kwa figo. Mimi niliambiwa ni uzee, figo zimechoka. Nikaambiwa na nani? Na Tuseme, kwenye korido, akitazama viatu vyake.

Nikageuza shati. Seremala akawa fundi cherehani. Mke wa mwana akawa mume wa binti. Macho yakawa figo, asubuhi ikawa mchana. Na yule mwana aliyekuwa mbali, anayeweza kuwa nao nusu kwa nusu, nikamkuta amekaa kwenye kiti changu, ameshika kalamu yangu nyekundu. Kisha chumvi ikajieleza, na maji, na choo, na kile kipimo cha Jumapili. Niliweka kalamu chini. Nikajishika kiunoni, pale nyuma, kana kwamba ningeweza kuzigusa. Niliogopa, sioni haya kusema.

Siku tatu sikumwambia mtu neno. Ajabu ni kwamba hasira yangu ya kwanza haikumwendea mume wangu, ilimwendea mama. Mimi mtoto wake wa pekee, amejua jambo linalohusu mwili wangu na amemsihi mtu anifiche. Nilipita mbele ya picha yake sebuleni bila kuitazama. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nilimwambia moyoni, na wewe hukuficha yako tu, ulificha na yangu. Tuseme naye nilimtazama kama ninavyotazama ukurasa. Jumapili akanifunga kipimo mkononi, kikavimba, akaandika. Nikamuuliza naendeleaje. Akasema vizuri tu, na mkono ukalala juu ya kijitabu.

Siku ya nne nilirudia ukurasa wa themanini na nane, maana hiyo ndiyo kazi yangu, kusoma mara ya pili. Hapo ndipo nikaona kilichokosewa. Mume wangu hana nusu nusu. Akigeuza shati analigeuza lote, na mikono. Katika mfano mzima hakuacha kinachogeuzika hata kimoja kama kilivyokuwa, isipokuwa ile shibiri, na hiyo ilimponyoka kwa sababu hakujua ina uzito gani kwangu. Sasa mtu aliyegeuza mtu, kazi, ugonjwa na saa, kwa nini aliache lile ombi? Nilisoma tena: anamsihi mkwewe asimwambie mwanawe. Nikaligeuza. Nikakaa nalo, mashine zikinguruma ng'ambo ya ukuta.

Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni kwa mwandiko wangu anaoujua tangu tukiwa wachumba. Hoja ya 31. Mwandishi athibitishe: mgonjwa aliomba jambo lifichwe, au aliomba lisemwe?

Bunda likaenda chuoni kwa njia ya ofisi, likiwa na hoja arobaini na sita, tarehe na mhuri. Jioni hiyo tulikula pamoja tukazungumzia bomba linalovuja. Siku mbili aliingia na kutoka kama mtu anayetembea na yai mfukoni. Alinipa maji, akasahau kusubiri nimalize. Siku ya tatu kurasa zikarudi kiwandani. Hoja arobaini na tano zilikuwa zimejibiwa kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, kila moja na saini. Ya thelathini na moja ilikuwa tupu. Palikuwa na doa la wino tu, pale ncha ya kalamu ilipokaa muda mrefu bila kwenda popote. Msimamizi akaliona, akasema ukurasa huu hauendi. Nikamwambia najua, niachie mimi.

Jumamosi mchana nikaupeleka ukurasa ule nyumbani. Nikaulaza kwenye meza ya chakula mbele yake, nikapanda kiti, nikashusha kopo la chumvi kabatini na kuliweka juu ya karatasi isipeperuke.

"Hoja moja haijajibiwa," nikasema.

Alitazama kopo, akatazama karatasi. Akaanza: tuseme mtu amepewa amana na mgonjwa. Nikamkatiza. Nikamwambia leo hakuna mtu fulani. Yupo yeye, nipo mimi, na alikuwepo mama yangu.

Akavua miwani. Bila miwani anakuwa mtu mwingine, mdogo zaidi.

"Aliomba lisemwe," akasema. "Aliniambia, mkwe, mkishanizika mwambie mwanangu akapime, na usimzungushe. Ndivyo alivyosema. Usimzungushe."

Nilivuta kiti nikakaa. Siku tatu nzima nilikuwa nimempita mama yangu sebuleni bila kumtazama, na kumbe alinipigania hadi pumzi za mwisho. Nililia. Tuseme akanyoosha mkono, nikamwambia asiniguse. Nikamuuliza swali moja tu, kwa nini. Akasema baada ya msiba nilikuwa nimekonda, silali, akaona asubiri niwe na nguvu. Kisha kila siku ilikuwa mbaya kuliko ya jana kwa kusema, kwa sababu ingebidi aeleze na ukimya wa jana. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza lini?"

"Ulikuwa unapiga deki hapa hapa. Nilikuuliza, tuseme mtu ana nusu ya uwezekano wa kuwa na ugonjwa wa kurithi, angependa kujua? Ukasema mimi ningependa nisijue, maisha yenyewe mafupi."

Nilikumbuka. Ole wangu, nilikumbuka kila kitu, hata ndoo. Nilidhani ni kazi zake. Huyu mtu ameniuliza maswali ya tuseme elfu moja katika ndoa yetu: tuseme meli inazama, tuseme mwongo anasema ukweli kwa bahati mbaya. Naye nilikuwa namjibu kama unavyomjibu mtu anayesimama mahali unapotaka kupiga deki.

"Na nikasema nini tena?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. "Ukasema inua miguu."

Kicheko kilinipanda kooni, Mungu anisamehe, na kikatoka kibaya. Kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ridhaa yangu. Miaka sita ya utafiti, mabenchi ya hospitali, kurasa mia mbili na kitu, na mwenyewe alimwomba mkewe ridhaa ya figo zake wakati amekaa kwenye njia ya dekio. Nikatoa mkobani ukurasa wa tisini na moja, niliokuwa nimeusahihisha kwa mkono huu, ambapo ameandika kwamba jibu la swali la kudhania haliwezi kuwa ridhaa, kwa sababu aliyejibu hakujua kwamba ni yeye anayezungumzwa. Nikamsomea kwa sauti hadi mwisho wa aya. Nikamuuliza aliandika hayo lini. Akasema baada ya siku hiyo ya deki, kama mwezi hivi.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

Wala hakujitetea, na hilo lilinikera zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Akatoa kile kijitabu cheusi mfukoni na kukisukuma hadi upande wangu wa meza. Jumapili baada ya Jumapili, miaka mitatu, hakuna hata moja iliyorukwa. Namba zangu tu. Zake hazikuwemo, presha yake haijawahi kupanda. Kurasa za mwisho baadhi ya namba zilikuwa zimezungushiwa duara nyekundu, kwa kalamu aliyoiba kwenye mkoba wangu.

Jumatatu tukaenda hospitali. Muuguzi akanipa fomu, akauliza kama nimeelewa, nikasema ndiyo na kutia saini. Sikuwa nimesoma hata mstari mmoja, mimi msahihishaji wa miaka kumi na tisa. Nilihisi Tuseme ananitazama na nikamwonya kwa jicho asithubutu. Walinipiga picha ya tumbo, ile wanayopigwa wajawazito kwa kupakwa mafuta ya baridi, na daktari, mwanamke kijana anayezungumza taratibu, akageuza kioo nikaona mwenyewe. Vifuko vya maji, vidogo vidogo, kwenye figo zote mbili. Alisema ninao ule ule wa mama. Akasema pia figo zangu bado zinafanya kazi kwa kiasi kikubwa, na kwamba kuna dawa na kuna namna ya kuishi.

Aliuliza kama nina kumbukumbu yoyote ya presha. Nikampa kijitabu. Alikifungua akaduwaa, akauliza nani aliyefanya kazi hii nzuri. Nikamwonyesha Tuseme kwa kidevu. Akamsifu. Akasema huko kupunguza chumvi na kunywa maji kumenisaidia sana, wagonjwa wengi hawapati mtu wa kuwaangalia hivyo. Kisha akafika kwenye duara za kwanza nyekundu, akahesabu kurasa kwa kidole, na sauti yake ikabadilika kidogo.

"Hapa ni miezi tisa iliyopita," akasema. "Hapa ndipo ungeanza dawa. Ulikwenda wapi ukaangaliwa?"

Nikamwambia sikwenda popote, sikujua. Akamtazama mume wangu. Tuseme alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mfano. Nilitaka kumchukia kwa moyo wote na haikuwezekana, kwa sababu kijitabu kile kilikuwa mezani, kimechakaa pembe kwa kubebwa karibu na kifua. Nilitaka kumsamehe, na hilo nalo halikuwezekana, kwa sababu ya duara zile. Niko hapo katikati hadi leo.

Daktari akafunga kijitabu, akauliza kama tuna watoto. Mmoja, nikasema, msichana, miaka ishirini. Akauliza kama anajua. Tukatazamana mimi na mume wangu. Daktari akasema basi aambiwe, na aambiwe na sisi, mapema na kwa maneno mepesi, kwake pia ni nusu kwa nusu. Nikasema hilo si la kuniambia mara mbili, daktari. Leo hii hii. Nilisema kwa ukali, ili anayehusika asikie.

Tulipofika nyumbani Tuseme alikwenda moja kwa moja mezani, akaondoa kopo, akauvuta ule ukurasa. Akaandika mbele ya hoja ya thelathini na moja: Aliomba lisemwe. Kosa ni la mwandishi. Akatia saini, akakaa akiutazama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba labda tumpigie mtoto jioni, akishatoka darasani, au tungoje likizo aje, jambo kama hili si la simu. Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia yeye na kungoja kwake tumeshawaona, sasa akae pale aone jinsi mtu anavyomwambia mtu jambo. Nikachukua simu. Nikapiga moyo konde, nikapiga na namba.

Ilipokelewa mara moja. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wenzake, sufuria, mtu anacheka. Akanisalimu kwa ile furaha yake ya haraka, akauliza kama tuko salama, mbona saa hizi.

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka hospitali, mafupi, mepesi, kila moja mahali pake. Nikafungua mdomo, nikamsikia anavyopumua huku akila kitu, kama alivyokuwa anapumua utotoni.

"Tuko salama, mwanangu," nikasema. "Nilikuwa nakusalimia tu."

Ng'ambo ya meza Tuseme aliinamisha kichwa, asinitazame. Nikamgeuzia mgongo. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje na masomo, kama baridi imepungua, wanapika nini. Akasema wanapika kwa zamu, leo ni yake.

"Chumvi usizidishe," nikasema.

Zile sauti za nyuma zilipungua, kama mtu aliyetoka nje akafunga mlango. Huyu ni binti yangu, amekulia chini ya rula yangu, hakuna kinachompita.

"Mama," akasema taratibu, "kwa nini chumvi?"